Asubuhi Niliyompeleka Mwanangu Kituoni

Mimi ni fundi wa masweta. Mashine yangu ya kufuma naiweka barazani kwangu, Lyamkena, Makambako, na kwa miaka mingi watoto wengi wa shule wanaopita barabarani wamekuwa wakivaa kazi ya mikono yangu. Baridi ya huku haina mzaha, kwa hiyo kazi haikunikosa. Mume wangu alikuwa akilima viazi na kupanda miti kwao Kifanya, anashinda huko siku nyingi na kurudi Makambako mwisho wa juma. Mabinti zetu walikwisha kuolewa. Nyumbani nilibaki na kitinda mimba, mvulana, na ni habari zake ninazotaka kusimulia.

Alikuwa mtoto mwenye sura iliyochelewa kukua. Akiwa na miaka kumi na mitano, mtu asiyemfahamu angesema yuko darasa la sita. Wateja wangu walikuwa wakimpa pipi kwa sababu hiyo, naye alikuwa akikasirika na huku anapokea. Alipenda injini. Lori likipita alilitambua kwa mlio kabla hajaliona, na alikuwa akiniambia, "Mama, hilo limechoka gia," nami nacheka kwa sababu sijui gia iliyochoka inalia vipi.

Alipokuwa kidato cha pili mwalimu wake aliniita shuleni. Akaniambia mtoto haonekani darasani. Nikamwambia haiwezekani, kila asubuhi namwona akitoka na sweta lake. Mwalimu akasema, "Anatoka kweli, mama. Ila huku hafiki." Ndipo nilipogundua kwamba alikuwa akishinda kijiweni karibu na stesheni ya reli, pamoja na kijana wa jirani yetu wa nyuma na mwingine mkubwa kuliko wao, ambaye hakuna aliyejua ametokea wapi. Huyo mkubwa alikuwa akiwafundisha kuendesha pikipiki. Mume wangu alimchapa mwanangu, mimi nikakaa naye nikazungumza naye, akaahidi kuacha. Tukaamini. Ilikuwa rahisi kumwamini mtoto mwenye uso kama ule.

Siku moja, jioni, aliingia ndani mapema akaenda kulala bila kula. Nilidhani ana mafua. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na ukungu mzito, na ndani ya ukungu ule nilisikia honi za pikipiki, nyingi kwa pamoja, zinapita kuelekea upande wa reli. Nikadhani kuna harusi. Baadaye kidogo mama mmoja aliyekuja kuchukua sweta la mwanawe akasimama barazani bila hata kunisalimia.

"Umesikia? Jana jioni kuna dereva wa bodaboda amepigwa spana ya kichwa, amelazwa hospitali, wakachukua pikipiki. Leo vijana wamemkamata mmoja."

"Wamempeleka polisi?"

Akatikisa kichwa. "Polisi wamekuta wameshamaliza." Kisha akateremsha sauti. "Ni mtoto wa jirani yako wa nyuma."

Sikumbuki kama nilimpa lile sweta. Nakumbuka nimesimama mlangoni kwa mwanangu. Alikuwa amelala na viatu, amejifunika hadi usoni, na viatu vilikuwa na tope lililokauka. Nilipovuta blanketi aliniangalia, na nikaona kwamba hakuwa amelala hata kidogo.

"Mama, amekufa?"

"Nani?"

"Yule kaka wa pikipiki."

Nikakaa kitandani. Akanieleza yote bila kulia, kwa sauti ndogo, kama anayesoma somo asilolielewa. Yule mkubwa ndiye aliyepanga. Alisema madereva siku hizi wanaogopa kubeba vijana wawili jioni, ila mtoto wa shule hawamwogopi. Kwa hiyo mwanangu alisimama peke yake kando ya barabara ya Njombe, na sweta la shule mwilini, akapunga mkono. Dereva akasimama. Mwanangu akamwambia anakwenda kwao, baada ya miti. Huko kwenye miti wenzake walikuwa wanasubiri.

"Uliambiwa watampiga?"

"Waliniambia watamtisha tu. Mama, mimi nilitaka kuendesha."

Sweta lile nililifuma mimi. Nililiona limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na nikashindwa kulitazama.

Nikampigia simu mume wangu. Kwanza nikasikia upepo wa Kifanya kwenye simu. Halafu akasema, "Mlete huku sasa hivi. Nitamvusha hadi Makete kwa ndugu zangu, kule juu Kitulo hakuna anayemfahamu."

"Na yule aliyelazwa hospitali?"

"Yule ana mama yake wa kumwangalia."

"Ndiyo. Na mimi ndiye mama wa huyu. Siwezi kumficha milimani kama mnyama, wala siwezi kukaa naye hapa wakaja kumtoa. Nampeleka polisi, Njombe. Hapa Makambako hatutafika salama, watu wamejaa barabarani."

 Kisha akasema maneno ambayo hajawahi kuyarudia, na mimi sijawahi kuyasahau. "Ukimpeleka, ujue umempeleka wewe."

Sikumdanganya mwanangu. Nilimwambia tunakokwenda. Alivaa koti la baba yake lililomfika magotini, nikamfunga kitenge changu kichwani na shingoni kama mgonjwa, tukatoka kwa mlango wa uani. Mzee mmoja tunayesali naye alikuwa na lori tupu linalokwenda Njombe kuchukua mbao. Nilimwambia mtoto anaumwa. Alimtazama mara moja, akafungua mlango, na hakuuliza kitu mpaka tunafika. Njia nzima mwanangu alikuwa katikati yetu, na kila tulipokutana na pikipiki nilihisi mwili wake unakakamaa. Aliniuliza jambo moja tu.

"Watanipiga?"

"Hawatakupiga. Nitakuwepo."

Pale kituoni tulipokelewa na askari mwanamke. Nilipomweleza tulichofuata aliweka kalamu chini, akamwangalia mwanangu, kisha akaniangalia mimi, akasema, "Mama, umefanya vizuri. Kaa." Akamletea chai. Hawakumpiga. Hilo nalisema kwa sababu wengi huuliza. Ila jioni ilipofika na mimi nikaambiwa niende, alinishika mkono wa gauni, akasema, "Mama, si ulisema utakuwepo?" Yule askari ndiye aliyemtoa vidole, kimoja kimoja, kwa upole. 

Kijana wa jirani alizikwa mapema. Nilikwenda, ingawa majirani walinikataza. Nilimkuta mama yake amekaa chini juu ya mkeka, hana sauti tena. Nikapiga magoti nikamshika. Nilitegemea anifukuze, na ningeondoka. Akanisogezea kichwa, akaninong'oneza sikioni, "Wewe ulimwahi. Mimi nilikuwa shambani."

Maneno hayo yamekaa nami kuliko matusi yote niliyotukanwa baadaye. Kwa maana matusi yalikuwepo. Wapo waliosema nimemuuza mtoto wangu ili nionekane mtakatifu. Wapo walioacha kuleta oda za masweta. Lililoniuma zaidi ni madereva wa bodaboda waliokuja barazani kunishukuru. Walisimama pale na makoti yao mazito, vijana wa umri wa wakwe zangu, wakaniambia wazazi wote wangekuwa kama mimi mji ungetulia. Niliwaangalia mikono. Sikuweza kujua ni ipi kati ya mikono ile iliyokuwepo asubuhi ile karibu na reli. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kifo cha yule mtoto. Yule mkubwa aliyepanga naye hakuonekana tena mpaka leo, wala pikipiki.

Kesi ilisikilizwa Njombe, katika chumba kidogo, watu wa nje hawakuruhusiwa. Hakimu alivaa nguo za kawaida na aliongea na mwanangu kama mtu anayeongea na mtoto. Dada mmoja wa ustawi wa jamii alikuwa amefika hadi nyumbani, akakaa na mimi, akafika shuleni, akafika mpaka Kifanya kwa bibi yake mwanangu. Mwanangu alikiri. Dereva alikuja kutoa ushahidi akiwa ameshikwa mkono na mama yake. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji na mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka bila kutulia. Alikuwa kijana mdogo. Sijui kwa nini nilikuwa nimemfikiria kama mtu mzima.

Hakimu alimuuliza kwa nini alisimama siku ile.

"Nilimwona kavaa sweta la shule," akasema. "Baridi ilikuwa kali. Nikamhurumia."

Mama yake hakunitazama, na mimi sikuthubutu kumtazama.

Mwanangu alipelekwa shule ya maadilisho, Mbeya, akae huko mpaka atimize umri wa utu uzima. Nilikuwa nikienda kumwona kila nilipopata nauli, nikiwa na maparachichi na sweta jipya, kwa sababu kila nikienda lile la zamani lilikuwa limembana. Akawa anarefuka huko, mbali na macho yangu. Sauti ikawa nzito. Alijifunza useremala, na walimu wake walimpenda. Mmoja aliniambia mkono wake ni mwepesi kwenye randa kuliko wa fundi mzoefu. Baba yake alikuja mara moja tu. Walikaa kwenye benchi wakazungumza habari za viazi na bei ya mbao, na wakati wa kuondoka baba alimpa mkono kama mgeni. Tulipofika stendi niliona amegeukia ukutani, mabega yanacheza.

Alirudi nyumbani akiwa kijana mrefu anayeinamisha kichwa kuingia mlangoni. Nilikuwa nimepika kuku. Alinisalimia, "Shikamoo mama," akasimama, akasubiri niseme akae wapi. Katika nyumba yake mwenyewe.

Nilifikiri sehemu ngumu imekwisha. Serikali ilikuwa imemaliza naye, hakimu alikuwa amemaliza naye. Sikujua kwamba watu walikuwa hawajaanza. Nilizunguka naye kwenye karakana za samani. Fundi mmoja alimpa ubao amjaribu, akautazama ulivyorandwa, akatikisa kichwa kwa kuvutiwa, kisha akaniita pembeni. "Mama, huyu ni fundi. Lakini mimi naingia kwenye nyumba za watu kufunga makabati. Siku kitu kikipotea, nitasema nini?" Kanisani mchungaji alimkaribisha mbele ya wote, akamshika mkono. Watu wakapiga makofi. Jumapili iliyofuata alikaa kwenye benchi, na dada aliyekuwa pembeni yake akauhamisha mkoba kutoka upande huu wa mapaja hadi upande ule. Mwanangu aliona. Alihama mwenyewe akakaa nyuma, na baada ya muda akaacha kwenda.

Kuku wa mtu wakipotea, watu walikuja kwangu. Hawakuja kwa ukali. "Tunauliza tu, mama." Alikuwa anatoka chumbani mwenyewe, anafungua mlango wazi, anasema, "Karibuni mwangalie." Siku moja nilimwambia asifanye hivyo, si lazima. Akanijibu, "Ni heri waone, mama. Wasipoona wataita wenzao."

Siku nyingine alikuja barazani akasimama mbele ya mashine yangu. "Nataka kwenda kwa yule kaka."

Nilijua anamsema nani. Nikafunga kazi tukaenda wote. Tulimkuta dereva amekaa nje juani, juu ya gunia, anachambua maharage kwa mkono wa kushoto. Hakuwa ameendesha tena pikipiki. Mwanangu alisimama mbali kidogo, akavua kofia.

"Kamwene, kaka," akamsalimia kwa lugha ya kwetu.

Yule kijana aliinua uso, akamtafuta kwa jicho lake moja mpaka akamtambua. "Umekuwa mkubwa," akasema.

"Nimekuja kuomba msamaha. Kule mahakamani niliomba, lakini niliambiwa niombe. Leo nimekuja mwenyewe."

Maharage yaliendelea kuanguka moja moja kwenye ungo. Kisha dereva akasema, "Mimi nilishayaacha zamani. Ulikuwa mtoto. Ningekuwa na hasira ningekufa." Akaokota harage bovu akalitupa pembeni. "Ila naomba usipite njia hii tena. Mama yangu akikuona hatalala wiki nzima."

"Sawa, kaka."

"Si kwa ubaya."

"Najua."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilitaka kumshika mkono lakini alikuwa mrefu kuliko mimi na nilishindwa kujua namna ya kuanza. Usiku ule nilimsikia akiongea na baba yake kwa simu, na mwisho wa juma akahamia Kifanya kwa bibi yake.

Kule alipata kazi kwenye kundi la wapasua mbao. Walikuwa wanalala msituni kwenye vibanda vya mabanzi. Mwenye kazi alikuwa mtu wa makamo, mkali lakini si mbaya, na kwa mara ya kwanza mwanangu alianza kunipigia simu bila sababu. Aliniambia misonobari inavyolia upepo ukivuma, na kwamba chenso ya mwenye kazi, ule msumeno wa injini, ikinguruma anaijua imekosa nini. Nikamsikia anacheka. Nilikaa na simu sikioni hata baada ya yeye kukata.

Kisha chenso ile ikapotea. Waliamka asubuhi haipo. Niliyonayo ni maneno ya wale waliokuwepo. Wanasema walianza kupekua mifuko ya wote, na walipofika kwenye mfuko wake mmoja akasema, "Kwa nini tunasumbuka? Si tunaye mwenye historia?" Walipekua hawakukuta kitu. Mwenye kazi alikuwa ameshuka kijijini. Wakaanza kubishana, na mwingine akasema, kwa mzaha au kweli hata yeye hajui tena, "Waiteni vijana wa bodaboda, wao wanajua kuuliza."

Mwanangu alikuwa amesimama anawaangalia.  Aligeuka akakimbia kuingia kwenye miti, na alikimbia kwa kasi hivi kwamba hakuna aliyejaribu kumfuata. Aliacha blanketi, randa yake, na sufuria ya ugali ikiwa motoni. Wao walichukulia kukimbia kwake ndiyo ushahidi. Mimi najua alichokuwa anakimbia. Hakuwa anakimbia chenso.

Mume wangu alimtafuta msituni siku nyingi. Mtu aliyenilaumu miaka yote hiyo alipita katikati ya miti ile akiita jina la mwanawe mpaka sauti ikamkauka. Aliporudi Makambako alikuwa amezeeka. Alikaa karibu na jiko akasema, "Wewe ulimpeleka mahali unapopajua. Mimi sijui hata yuko upande gani." Ilikuwa ndiyo namna yake ya kunisamehe, na sikuitaka, si kwa njia hiyo.

Baada ya muda chenso ilipatikana. Mtoto wa kaka yake mwenye kazi ndiye aliyeichukua akaiuza Mafinga. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyeita bodaboda. Walikaa kikao cha ukoo, akatakiwa airudishe, yakaisha. Mwenye kazi alikuja kwangu na blanketi na randa ya mwanangu vimefungwa kwenye kiroba. Nilimpa chai, akakishika kikombe bila kunywa.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Si mimi wa kuombwa," nikamwambia. "Mpigie."

"Nimempigia. Simu haipatikani."

"Hata mimi."

Tukakaa pale wote wawili, tukiwa na habari njema ambayo hatukuwa na pa kuipeleka.

Nimemtafuta Mafinga, nimemtafuta Songea. Mwaka huu, baada ya mavuno, mtu aliniambia amemwona kijana kama yeye Tunduma, kwenye karakana ya vitanda karibu na mpaka. Nikaenda. Mwenye karakana alinisikiliza, akatazama picha kwenye simu yangu, akasema picha ni ya mtoto mdogo, lakini ndiyo, macho ni haya haya. Alikuwa amefanya kazi kwake miezi kadhaa. Mpole, hali na watu, hagusi cha mtu. Kila jioni kabla ya kuondoka alikuwa anafungua mfuko wake wazi mbele ya mwenye karakana, bila kuambiwa. Siku moja aliaga akasema anavuka ng'ambo.

Alinionyesha kitanda alichokiacha, hakijapata mnunuzi bado. Nilipitisha kiganja kwenye ubao. Ulikuwa laini, hauna hata kibanzi kimoja cha kuchoma.

"Hakusema kwao ni wapi?" nikauliza.

"Alisema Iringa." Yule fundi akanitazama tena. "Wewe ni nani wake, mama?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu alituambia wazazi wake wote wawili wameshafariki."

Nilimwambia mimi ni shangazi yake. Nilimwachia namba yangu, nikamwomba, akirudi, amwambie tu kwamba chenso ilionekana na mwizi amejulikana. Akaahidi. Nikapanda basi la kurudi. Nyumbani nilimweleza mume wangu habari ya kitanda kile, jinsi kilivyonyooka, jinsi mbao zilivyoshikana bila msumari kuonekana. Akaniuliza tena na tena kuhusu miguu ya kitanda na namna kichwa chake kilivyochongwa, na mimi nikamjibu kila alichouliza. Lile jingine sikumwambia.